Chuo Binafsi Kikishusha Ada kwa Nusu, Familia Italipa Kiasi Gani?

Swali: Sisi ni familia iliyohamia Louisville, Kentucky, kutoka kambi ya Nyarugusu, na sote tuna kadi za ukaazi wa kudumu. Kijana wetu wa kwanza anamaliza sekondari na anataka kusomea uuguzi. Amepokelewa na chuo kidogo cha binafsi katika jimbo jirani, ambacho kimetangaza kwamba ada yake ya mwaka, iliyokuwa dola 38,000, sasa itakuwa dola 19,000. Kijana anasema hii ni bahati tusiyopaswa kuiacha. Baba yake anasema kitu kinachopunguzwa bei kwa nusu lazima kiwe na kasoro, na anahofia chuo kitafungwa kabla mtoto hajamaliza. Je, ada imeshuka kweli? Na tumsikilize nani kati yao?

Jibu: Mama, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kulipa fedha ya kushikilia nafasi, kwa sababu baada ya hapo familia nyingi huona aibu kurudi nyuma hata pale hesabu inapowaonya. Ada iliyoandikwa imeshuka kweli, wala tangazo hilo si udanganyifu. Hata hivyo, kiasi ambacho familia yenu ingelipa huenda kimeshuka kidogo sana, na huenda hakijashuka kabisa. Kuhusu hofu ya baba, kupunguza ada peke yake hakuthibitishi kwamba chuo kinakufa, lakini ni sababu ya kutosha ya kukichunguza, na njia za kukichunguza zipo wazi kwa mtu yeyote.

Sisi tuliosoma Tanzania, Kenya au Kongo tulizoea kwamba karatasi ya ada inataja kiasi fulani, na kiasi hicho ndicho kinachodaiwa kwa kila mwanafunzi wa kozi ile. Asiyekuwa nacho hutafuta mkopo wa serikali, mfadhili, au michango ya ukoo. Chuo binafsi cha Marekani hakiendeshwi hivyo. Ada inayotangazwa inafanana zaidi na bei ya kwanza anayoitaja muuza vitenge sokoni, ambayo karibu kila mnunuzi huishusha kabla ya kutoa fedha, isipokuwa hapa mapatano hufanywa kwa fomu na kwa kanuni za chuo chenyewe, na punguzo hupewa jina la ufadhili. Barua ya ufadhili huandikwa kwa maneno ya pongezi, na mzazi akiisoma hudhani kuna mfuko mahali fulani ulioweka fedha kwa ajili ya mtoto wake. Katika vyuo vichache vyenye hazina kubwa, mfuko huo upo. Katika vyuo vingi vidogo haupo: chuo kimeamua tu kutodai sehemu ya ada kiliyoitangaza chenyewe.

Chama cha maofisa wa fedha wa vyuo vya Marekani, kiitwacho NACUBO, hupima punguzo hilo kila mwaka katika vyuo binafsi visivyoendeshwa kwa faida. Katika mwaka wa masomo wa 2024/25, zaidi ya asilimia 56 ya ada iliyotangazwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ilirudishwa kwao kama ufadhili wa chuo, na takriban wanafunzi tisa kati ya kumi walipata sehemu ya ufadhili huo. Chukua wastani huo uuweke kwenye chuo chenu: chuo kilichotangaza dola 38,000 kingekuwa kinapokea chini ya dola 17,000 kwa mwanafunzi wa kawaida, hata kabla ya kufikiria kushusha chochote. Kinapotangaza dola 19,000, kinakaribia tu kusema hadharani kile ambacho tayari kilikuwa kikikipokea ofisini. Ndiyo maana chuo kinaweza kukata nusu ya ada bila kupoteza nusu ya mapato. Kinachokatwa pamoja na ada ni ufadhili.

Tufanye hesabu kwa mfano, kwa sababu mimi sijaiona barua yenu. Tuseme mwaka jana mwanafunzi aliye kama kijana wenu angepewa ufadhili wa dola 21,000 juu ya ada ya 38,000, abaki na ada ya 17,000. Mwaka huu anapewa ufadhili wa dola 3,000 juu ya ada ya 19,000, anabaki na 16,000. Ada imeshuka kwa dola 19,000 kwenye tangazo na kwa dola 1,000 mfukoni mwa mzazi. Kisha tazama malazi na chakula, ambavyo tangazo la kupunguza ada kwa kawaida haliviweki mbele. Vikipanda kutoka dola 12,500 hadi 13,500, ile dola elfu moja imekwisha, na familia italipa dola 29,500 zile zile. Sisemi kwamba ndivyo chuo chenu kimefanya. Nasema kwamba hadi mtakapoweka barua ya kijana mezani na kutoa ufadhili kwenye jumla ya ada, malazi, chakula, vitabu na tozo zote, hamjui kama mmepunguziwa senti moja.

Pamoja na hayo, ada ndogo iliyotangazwa ina manufaa ya kweli, na moja kati yake ni muhimu kuliko wazazi wengi wanavyojua. Ufadhili wa chuo mara nyingi huwekwa kwa kiasi cha dola kisichobadilika kwa miaka yote minne, ilhali ada hupanda karibu kila mwaka. Ongezeko la asilimia hupigwa juu ya ada iliyotangazwa, si juu ya kile unacholipa. Ada ya dola 38,000 ikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka huku ufadhili ukibaki pale pale, familia italipa nyongeza ya dola 1,520 mwaka wa pili, zaidi ya 3,100 mwaka wa tatu, na zaidi ya 4,700 mwaka wa nne, jumla ikiwa karibu dola 9,400 ambazo hazikuwa kwenye barua ya kwanza. Ada ya dola 19,000 ikipanda kwa asilimia ile ile, jumla ya nyongeza ni nusu yake, karibu dola 4,700. Kwa hiyo hata pale mwaka wa kwanza unapofanana senti kwa senti, miaka minne haifanani. Nimewaona wazazi waliojipanga vizuri kwa mwaka wa kwanza wakakwama mwaka wa tatu kwa sababu ya nyongeza hizi tu, na mtoto aliyeacha chuo mwaka wa tatu anabaki na deni bila shahada, jambo ambalo ni baya kuliko kutoanza.

Manufaa mengine ni kwamba bei inayosomeka haimfukuzi mtu mlangoni. Familia zetu, kwa mazoea niliyoyataja, husoma dola 38,000 na kufunga ukurasa, bila kujua kwamba chuo kile kingeweza kuwa nafuu kuliko kingine kilichotangaza dola 25,000. Wenye haki ya kufurahi zaidi, hata hivyo, ni wale wachache waliokuwa wakilipa ada yote bila punguzo, wakiwamo baadhi ya wanafunzi wanaotoka nje ya Marekani kwa viza ya F-1. Hao hawaruhusiwi kupata misaada ya serikali kuu ya Marekani, na kabla ya kupewa fomu ya I-20 ya kuombea viza hutakiwa kuonyesha kwamba wana fedha za kugharimia mwaka wa kwanza. Gharama rasmi ikishuka, kiasi cha kuonyesha benki nacho hushuka. Kama una ndugu Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anayefikiria vyuo hivi, kwake tangazo la namna hii lina uzito kuliko kwenu.

Sasa nije kwenye hofu ya baba, na hapa ni lazima tuelewe kwa nini vyuo hivi vinashusha ada. Marekani ilizaa watoto wengi kuliko wakati wowote mwaka 2007, kiasi cha milioni 4.3. Kisha uchumi ukaanguka mwaka 2008, na idadi ya watoto wanaozaliwa ikaanza kupungua na haijarudi ilipokuwa. Watoto wa 2007 walifikia umri wa kuingia chuo mwaka 2025, na wanaowafuata ni wachache zaidi. Vyuo vidogo vya majimbo ya Kaskazini Mashariki na ya Kati Magharibi, ambako vijana wanapungua kwa kasi zaidi, vinagombania wanafunzi wale wale. Wakati huohuo majimbo yenyewe yameweka mipango ya kuondoa ada kwenye vyuo vya umma: Tennessee ilianza mwaka 2015 kwa vyuo vyake vya miaka miwili, na New York ikafuata mwaka 2017 kwa vyuo vikuu vya umma kwa familia zisizozidi kipato fulani. Chuo binafsi kilichotangaza bei kubwa kisha kikaifuta kimyakimya kwa ufadhili kilijikuta hakisikiki tena, kwa kuwa mzazi alilinganisha dola 38,000 na sifuri.

Mbinu yenyewe si mpya. Chuo cha Muskingum, huko New Concord, Ohio, kilishusha ada kwa dola 4,000 mwaka 1996, wakati ambapo vyuo vingine viliamini kwamba bei kubwa ndiyo inayomshawishi mzazi kwamba elimu ni bora, na wanafunzi wakaongezeka. Baada ya mwaka 2010 wengine walifuata kwa wingi. Chuo Kikuu cha Concordia cha St. Paul, Minnesota, kilikata dola 10,000 mwaka 2013. St. John's College, chenye kampasi Annapolis na Santa Fe, kilitangaza mwaka 2018 kwamba ada ya zaidi ya dola 52,000 itakuwa dola 35,000. Colby-Sawyer, chuo kidogo cha New Hampshire, kilitoka dola 46,364 hadi 17,500 mwaka 2023.

Lakini tazama kilichofuata kwa baadhi yao, kwa maana hapa ndipo baba na kijana wote wawili wanapoweza kupata ushahidi wa wanachokisema. Rosemont College, karibu na Philadelphia, kilishusha ada kutoka dola 32,620 hadi 18,500 kwa mwaka wa 2016/17, na mwaka 2025 kikatangaza kwamba kitaungana na Chuo Kikuu cha Villanova. Birmingham-Southern, huko Alabama, kilikata ada yake kwa takriban nusu mwaka 2018. Tarehe 31 Mei 2024 kikafunga milango baada ya zaidi ya karne moja na nusu. Sweet Briar, chuo cha wanawake huko Virginia, kilikwenda kinyume: mwaka 2015 bodi yake ilitangaza kukifunga, wahitimu wake wakapigana mahakamani na kuchanga fedha mpaka kikabaki wazi, na ndipo kikashusha ada mwaka 2018, nacho bado kinafundisha. St. John's nacho hakikutegemea ada mpya pekee. Kilianzisha kampeni ya kuchangisha dola milioni 300, kwa msimamo kwamba ada ndogo italipiwa na ukarimu wa wahitimu na marafiki wa chuo.

Ninavyoviona visa hivi, kupunguza ada hakukukiua chuo chochote kati yao, wala hakukukiokoa peke yake. Birmingham-Southern kilikuwa kimeelemewa na madeni ya ujenzi na hazina iliyopungua miaka mingi kabla ya 2018. Chuo kinachopunguza ada kinakiri kwamba kinahitaji wanafunzi. Kiasi hicho cha maneno ya baba ni kweli. Lakini vyuo vingi ambavyo havijapunguza ada vinahitaji wanafunzi vilevile na havijasema. Kilicho cha kuulizwa ni kama nyuma ya bei mpya kuna fedha, wafadhili na idadi ya wanafunzi vinavyoweza kukibeba chuo kwa miaka minne ijayo.

Hilo linachunguzika. Wizara ya Elimu ya Marekani huvipima vyuo binafsi kwa alama ya uwezo wa kifedha inayoanzia hasi moja (-1) na kuishia tatu. Alama ya 1.5 na kuendelea huhesabiwa kuwa salama, kati ya 1.0 na 1.4 chuo huangaliwa kwa karibu, na chini ya hapo kina tatizo. Orodha ya alama hizo hutolewa kwa umma, ingawa huchelewa kwa mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo tazama miaka kadhaa uone kama alama inapanda au inashuka. Wizara hiyo pia hutoa orodha ya vyuo vilivyowekwa chini ya uangalizi mkali wa fedha za misaada ya wanafunzi, na jina la chuo chenu likiwamo, ulizeni sababu kabla ya jambo jingine lolote. Chuo kisichoendeshwa kwa faida kwa kawaida huwasilisha kwa mamlaka ya kodi fomu 990, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuona kama matumizi yamezidi mapato mwaka mmoja au miaka mitano mfululizo. Mwaka mmoja wa hasara usiwatishe. Miaka mitano iwatishe.

Tazameni pia tovuti ya serikali iitwayo College Navigator. Humo mtaona idadi ya wanafunzi, asilimia ya wanaorudi mwaka wa pili, asilimia ya wanaomaliza, na jambo ninalolipenda kuliko yote: wastani wa gharama halisi baada ya ufadhili, uliogawanywa kwa viwango vya kipato cha familia. Utafuteni mstari wa kipato chenu. Takwimu hizo ni za kabla ya ada mpya, na ndiyo faida yake, kwa kuwa zitawaonyesha familia kama yenu ilikuwa ikilipa kiasi gani chini ya ile ada ya dola 38,000. Mkilinganisha na barua ya kijana mtajua mara moja kama punguzo ni la karatasi au ni la kweli. Tangu mwaka 2011 kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kinalazimika pia kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Hakikisheni kimewekewa ada mpya kabla ya kuamini jibu lake.

Kwa kuwa kijana anataka uuguzi, kuna tahadhari ya ziada ambayo ningeitoa hata kama chuo kingekuwa tajiri. Vyuo vinavyobana matumizi hufunga kozi, na kozi ya uuguzi ni ghali kuiendesha kwa sababu inahitaji walimu wenye leseni, maabara na mikataba na hospitali. Kwa upande mwingine ndiyo inayovuta wanafunzi wengi, kwa hiyo mara nyingi hulindwa. Ulizeni kama kijana amepokelewa kwenye kozi ya uuguzi yenyewe au amepokelewa chuoni tu, na atalazimika kushindania nafasi ya uuguzi baada ya mwaka mmoja au miwili; tofauti hiyo imewaumiza vijana wengi wa jamii zetu. Ulizeni tozo za mafunzo ya hospitalini, sare, vifaa na mitihani, ambazo kwa kawaida hazimo kwenye ada iliyopunguzwa. Na angalieni kwenye bodi ya wauguzi ya jimbo hilo ni asilimia ngapi ya wahitimu wa chuo hicho hufaulu mtihani wa leseni, NCLEX, kwa mara ya kwanza. Chuo kinachofaulisha wachache ni ghali kwa bei yoyote ile.

Jambo jingine ambalo tangazo haliwezi kuwaambia ni kile mtakachokiacha Kentucky. Kijana aliyesoma sekondari hapo hujikusanyia fedha za KEES, yaani ufadhili wa jimbo, kwa wastani wa alama zake za kila mwaka kuanzia 2.5 kwa kipimo cha 4.0, na nyongeza kwa matokeo ya ACT, mtihani wa kuombea chuo. Fedha hizo hutumika kwenye vyuo vya Kentucky, na nje ya jimbo kwa programu chache tu zenye makubaliano maalumu. Kuna ruzuku ya CAP kwa familia zenye uhitaji, na kuna ruzuku ya KTG iliyowekwa mahsusi kwa wanaosoma kwenye vyuo binafsi vya Kentucky. Kwa hiyo chuo binafsi cha Kentucky ambacho hakijapunguza chochote kinaweza kuwa nafuu kwenu kuliko hicho cha jimbo jirani kilichokata nusu. Chuo Kikuu cha Louisville kimekuwa kikitoza wakazi wa jimbo karibu dola 13,000 kwa mwaka, na kijana anaweza kulala nyumbani. Akipata ruzuku kamili ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka 2025/26 kilikuwa dola 7,395, pamoja na KEES na CAP, pengo linalobaki kwenye ada ni dogo, na gharama ya kitanda haipo.

Weka hilo kando ya ule mfano wa dola 29,500. Ukitoa Pell kamili na mkopo wa serikali kuu wa mwaka wa kwanza, ambao kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi hauzidi dola 5,500, unabaki na dola 16,605 kwa mwaka mmoja. Hapo ndipo familia huelekezwa kwenye mkopo wa wazazi uitwao Parent PLUS. Kuanzia Julai 2026 wazazi wapya hawawezi kukopa zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka wala zaidi ya dola 65,000 kwa mtoto mmoja kwa muda wote wa masomo, na mikopo ya aina hiyo iliyotolewa mwaka wa 2025/26 ilikuwa na riba ya asilimia 8.94. Ni mkopo wako wewe, Mama, si wa kijana, nao haumsubiri apate kazi. Kwa kuwa huyu ni mtoto wa kwanza na nyuma yake wapo wengine, ningewasihi msiukubali kwa ajili ya tofauti ya chuo na chuo. Zamani familia yenye watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja ilihesabiwa kuwa na uwezo mdogo zaidi kwa kila mtoto. Tangu mwaka wa 2024/25 fomu ya FAFSA, ya kuombea misaada ya serikali kuu, haiangalii tena ni wangapi wako chuoni, ingawa bado inaangalia ukubwa wa familia. Deni mtakalolichukua kwa mkubwa mtalikuta pale pale mdogo atakapoanza.

Kama hamjajaza FAFSA, ijazeni wiki hii. Wenye kadi ya ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa vilevile, jambo ambalo bado nasikia likikanushwa kwenye misikiti na makanisa yetu na watu wenye nia njema. Bila fomu hiyo hakuna Pell wala CAP, na hata barua ya chuo haitakuwa kamili.

Kisha mwandikieni ofisa wa misaada ya masomo wa chuo hicho, si ofisa wa udahili, kwa sababu kazi ya wa udahili ni kujaza nafasi. Mtakeni aeleze kwa maandishi kama ufadhili wa kijana utadumu miaka yote minne na kwa masharti gani ya alama, ada na malazi vilipanda kwa kiasi gani katika miaka iliyopita, na kama chuo kina ahadi yoyote ya kutopandisha tena. Mtakeni pia aseme kama ufadhili utapunguzwa pale kijana atakapopata fedha kutoka kanisani, kwenye taasisi au kwa mwajiri, kwa maana vyuo vingi hufanya hivyo, na fedha ambayo jamii imeichangia kwa jasho huishia kukisaidia chuo badala ya mtoto. Ulizeni, bila kuona haya, kama chuo kina makubaliano na vyuo vingine ya kuwapokea wanafunzi wa uuguzi endapo kitafunga. Chuo chenye afya hujibu swali hilo bila kukasirika.

Mkipata barua ya Chuo Kikuu cha Louisville au ya chuo kingine yenye gharama ndogo zaidi, mna haki ya kuituma na kuomba mfikiriwe upya. Elezeni hali ya familia kwa ukweli na kwa vielelezo: idadi ya watoto, saa za kazi zilizokatwa, fedha mnazowatumia wazazi kila mwezi Kongo au Kigoma, ambazo fomu haiziulizi kabisa. Si kila chuo kitakubali kuhesabu fedha za kuwatunza wazazi, lakini baadhi hukubali. Chuo kilichotoka kupunguza ada kitawaambia kwamba hakina tena nafasi ya kuongeza ufadhili, na mara nyingi kitakuwa kinasema kweli, kwa sababu punguzo lote limekwisha kutolewa kwenye bei yenyewe. Ombeni hata hivyo, na ombeni kabla ya tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu la mwisho. Jibu likija na gharama ya miaka minne inayozidi ile ya Louisville kwa zaidi ya kiasi ambacho kijana mwenyewe anaweza kukikopa kwa jina lake, yaani dola 27,000 kwa miaka yote minne, basi ningemshauri aanzie nyumbani.